Harufu ya Kuku Inatuambia Nini?

Mazungumzo na wamama siku ya kupima watoto

Mbele ya kupima watoto, tutazungumza kidogo. Mwenye mutoto anayelia, amunyonyeshe tu, hakuna neno. Mutasikia hivyo hivyo.

Ninaanza na ulizo moja. Kuku wenu walilala wapi usiku wa leo?

Ninaona wengine wanacheka, na wengine wanaangalia chini. Musione haya. Mimi mwenyewe nilikomalia mu nyumba ambamo kuku walilala chini ya kitanda cha mama yangu. Wezi walikuwa wengi, na paka wa pori pia. Kuku ni mali. Kuku ni franga za masomo. Kuku ni chakula cha mugeni na heshima ya mukwe. Mutoto akigonjwa usiku na hakuna kitu mu mukono, asubuhi tunauzisha jogoo. Kwa hiyo sitawaambia leo: "Tupeni kuku wenu." Hapana. Ninataka tuzungumze juu ya jambo moja tu: ile harufu ya kuku karibu na nyumba. Wengi wanafikiri harufu ni haya tu mbele ya wageni. Kumbe harufu ni mujumbe. Inatuletea habari, na habari hiyo ni juu ya mutoto.

MAMA MOJA NA FISHI YAKE

Nitawaelezea habari ya mama moja. Jina lake sitataja.

Mama huyu alikuwa na mutoto mwanaume wa miezi 10. Kwa miezi miwili alikuja naye mara tatu kwa sababu ya kuhara. Kila mara tulimupa mutoto maji ya chumvi na sukari, tulimupa zinki, akapona, wakaenda. Kisha wiki tatu, wanarudi. Nilifungua fishi ya kilo. Alipokuwa na miezi 6, mutoto alipimwa kilo 7 na gramu 200. Sasa ana miezi 10, naye anapimwa kilo 7 na gramu 100. Miezi ine mizima, na mutoto hakuongeza kitu. Alipoteza.

Nikamugombeza yule mama. Nikamwambia: "Mama, unamunywesha huyu mutoto maji gani?" Akajibu: "Mama munganga, ninachemsha. Kila siku ninachemsha." Mimi sikumwamini. Nilifikiri anasema hivyo kwa kuniogopa. Hilo lilikuwa kosa langu, na leo ninaliungama mbele yenu.

Siku moja nikaenda kumutembelea. Mbele sijafika kwenye mulango, nikasikia harufu kali. Macho yakaanza kuniwasha. Kuku 14 walikuwa wakilala jikoni, nyuma ya ukuta wa chumba ambamo mutoto analala. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji yaliingia chini ya mulango. Mutoto alikuwa ameketi chini, karibu na mafiga, ana kipande cha muhogo mu mukono. Muhogo ukaanguka juu ya mavi ya kuku. Akauokota. Akaurudisha mu kinywa.

Pembeni kulikuwa chungu cha maji. Nikafunua. Maji yalichemshwa, yalifunikwa vizuri, chungu kilikuwa safi. Mama alisema kweli. Maji yalikuwa safi. Chini ndipo hapakuwa safi.

Nikamuuliza: "Mama, harufu hii haikusumbui?" Akaniangalia na kushangaa. "Harufu gani?"

Wamama, musicheke. Ndivyo pua ya mutu ilivyo. Mwenye kukaa siku zote mu harufu, pua yake inazoea, haisikii tena. Ni mugeni ndiye anasikia. Kwa hiyo mugeni akiingia kwako na kushika pua, usikasirike. Amekusaidia.

HARUFU INATOKA WAPI?

Kuku hakojoi pembeni kama mbuzi. Mukojo na mavi yake vinatoka pamoja. Ile sehemu nyeupe munayoona juu ya mavi ndiyo mukojo wake. Katika mavi mabichi ya kuku, karibu sehemu tatu kwa ine ni maji. Mavi yakikaa mahali penye maji na joto, vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinakula ule mukojo na kuugeuza kuwa hewa kali. Hewa hiyo inaitwa amoniaki. Ndiyo inawasha macho, ndiyo inakohoza.

Basi mushike neno hili: mavi makavu yananuka kidogo, mavi yenye maji yananuka sana. Adui wa kwanza si kuku. Adui wa kwanza ni maji: mvua inayopita mu paa, chombo cha kunywea kinachomwagika, sakafu ya udongo isiyokauka, kuku wengi waliosongamana mahali padogo.

Hesabu kidogo. Kuku mukubwa wa mayai anaweza kutoa mavi ya gramu 100 ao zaidi kwa siku moja. Kuku wetu wa kijiji ni mudogo, anatoa pungufu. Lakini mwenye kuku 14 na asiyeondoa mavi kwa wiki mbili, ana mufuko muzima wa mavi mu jikoni yake. Angeona mufuko huo umewekwa karibu na chungu cha bugali, angepiga kelele. Lakini kwa sababu unaingia kidogo kidogo kila usiku, hauoni.

HABARI GANI HARUFU INATULETEA?

Habari ya kwanza: hapa kuna mavi yenye maji, na mahali hapo nzi anazaa. Nzi anataga mayai mu mavi mabichi. Kwa joto la kwetu, siku 7 mpaka 10 zinatosha ili yai lile liwe nzi mwenye kuruka. Halafu anatoka kwenye mavi, anakwenda kukaa juu ya sombe, juu ya kikombe, juu ya midomo ya mutoto mwenye kulala.

Habari ya pili: hapa vidudu vya ugonjwa vinaweza kuishi. Mu tumbo la kuku munakaa vidudu vinavyoitwa kampilobakteri na salmonela. Kuku mwenyewe hagonjwi navyo mara nyingi. Unamuona muzima, anakula, anataga. Lakini mutoto akivimeza, anahara, pengine na damu. Kampilobakteri anaogopa sana ukavu. Mahali pakavu na penye jua anakufa upesi. Mahali penye maji na giza anakaa.

Habari ya tatu: ile hewa kali yenyewe ni mbaya. Inachoma macho na kifua cha kuku, nao wanakuwa zaifu na kushikwa na magonjwa upesi. Kama inachoma kifua cha kuku, mutoto anayelala nyuma ya ukuta naye anaivuta usiku kucha.

MUTOTO MWENYE KUTAMBAA

Mutoto wa miezi 6 mpaka miaka 2 anajifunza dunia kwa kinywa. Kila kitu anachoona anakitia mu kinywa. Kwake, mavi ya kuku yaliyokauka ni kama kijiwe ao punje ya mahindi. Hajui.

Hili si neno la kuwatisha tu. Wenye kuchunguza waliketi na kuangalia watoto. Mu Zimbabwe, habari iliyotolewa mwaka wa 2013 ilionyesha watoto wadogo wakitia udongo na hata mavi ya kuku mu kinywa mbele ya macho ya wale waliowaangalia. Na hapa kwetu Congo, mu teritware ya Walungu, Kivu ya Kusini, walifuata watoto wadogo na kuandika habari yao mwaka wa 2021. Waliona kwamba watoto wanaotia mavi mu kinywa waliharisha zaidi kuliko wengine, na kwamba kukaribiana na wanyama na kutia uchafu mu kinywa kunaenda pamoja na kukomaa vibaya.

Sikieni vizuri hilo neno la kukomaa. Mutoto anayemeza uchafu kila siku, hata siku ambayo haharishi, matumbo yake yanachoka. Chakula kinapita, lakini mwili hauchukui vema. Mama anapika, mutoto anakula, na fishi ya kilo haipandi. Ndiyo sababu mimi nilikosea. Niliangalia maji na chakula, sikuangalia chini.

Lakini musikie na upande mwingine. Mu Etiopia, mwaka wa 2016, wenye kuchunguza waliona kwamba watoto wa jamaa zenye kuku walikuwa warefu zaidi kuliko watoto wa jamaa zisizo na kuku. Kwa nini? Yai na franga vinasaidia mutoto. Lakini pale kuku wanalala ndani ya nyumba pamoja na watu, faida ile ilipotea, na watoto wakawa wafupi. Munaona? Kuku ni yule yule. Mahali pa kulala ndipo panabadilisha mambo.

KUFUNGA KUKU PEKE YAKE HAKUTOSHI

Sasa mama moja atasema: "Basi nitajenga kibanda cha kuku leo leo, na mambo yameisha." Ngoja kwanza.

Mu muji wa Lima, inchi ya Peru, walijaribu jambo hilo, na habari yake ikatolewa mwaka wa 2006. Walifunga kuku mu vibanda kwenye nyumba za watu maskini, wakitumaini kuhara kwa watoto kutapunguka. Kumbe kuhara kwa kampilobakteri kulizidi mu nyumba zenye vibanda. Mbele, mavi yalitawanyika mu lupango muzima, yakakauka kwa jua. Ukifunga kuku pamoja, mavi yote yanakusanyika mahali pamoja. Mutoto akiingia pale, ao mutu akitoka pale na mikono na miguu michafu, vidudu ni vingi zaidi.

Kwa hiyo kibanda ni kizuri kama kina mambo matatu: kiko mbali kidogo na nyumba, kinabaki kikavu, na mutoto haingii. Na ni pua inayotuambia kama tumefaulu. Kibanda kinachonuka hakijawa kinga. Kimekuwa kisima cha mavi.

MAMBO SABA YA KUFANYA

1. Chagua mahali. Angalia moshi wa jikoni unaenda upande gani mara nyingi. Upepo unakopeleka moshi ndiko utaweka kibanda, ili harufu isirudi mu nyumba. Weka hatua 10 ao 15 kutoka mulango wa jikoni kama lupango ni kubwa. Kisiwe juu ya kisima ao chemchemi, kiwe upande wa chini, kwa sababu maji ya mvua yanateremka na uchafu. Mwenye lupango ndogo mu muji, achague kona iliyo mbali na dirisha la kulalia, tena apunguze hesabu ya kuku. Kuku 5 mahali pakavu wanafaa kuliko kuku 15 mu matope.

2. Inua kibanda juu ya miguu. Miguu ya miti, urefu wa metre 1 hivi. Sakafu ni ya mianzi ao vijiti, na nafasi ya kidole kati ya kijiti na kijiti. Mavi yanaanguka chini, kuku hawayakanyagi, upepo unapita. Wazee wetu wengi walijenga hivyo. Kwa kuku 10, sakafu ya metre 2 kwa metre 1 inatosha. Mama kuku mwenye vifaranga umuweke mbali, mu kitunga chenye majani makavu, kwa sababu miguu ya vifaranga inapita kati ya vijiti.

3. Zuia mvua. Paa ya majani ao ya manjanja, yote ni sawa, lakini itoke inje kupita ukuta, urefu wa mukono. Chimba mufereji mudogo kuzunguka kibanda.

4. Acha hewa ipite. Ukuta wa chini uwe umefungwa, ukuta wa juu uwe na matundu. Kibanda kilichofungwa pande zote kinakuwa kama chungu kilichofunikwa.

5. Tandika kitu kikavu chini ya kibanda, pale mavi yanapoanguka: unga wa mbao kutoka kwa fundi, maganda ya mpunga, maganda ya kahawa, ao majani makavu yaliyokatwa katwa. Unene wa vidole vine. Vitu hivi vinakunywa maji ya mavi. Ukiona pamelowa, ondoa pale palipolowa na utie vingine.

6. Ondoa mavi mapema. Kila asubuhi ni vizuri. Kama kazi ni nyingi, mara mbili kwa wiki, isipite hapo. Kwa nini? Kwa sababu nzi anahitaji siku 7 mpaka 10. Ukiondoa mbele ya siku hizo, umevunja uzazi wake. Usichukue kwa mikono. Tumia jembe la zamani ao kipande cha bati. Kisha nawa mikono kwa sabuni, ao kwa majivu kama sabuni hakuna, mbele ya kugusa mutoto na chakula.

7. Angalia chombo cha kunywea. Kuku wanapenda kukanyaga na kumwaga. Tia jiwe safi katikati ya chombo ili kisipinduke, ao kiweke juu ya matofali mawili, inje ya kibanda. Maji yaliyomwagika ndani ya kibanda ni harufu ya kesho.

Na mutoto je? Kila asubuhi, mbele mutoto hajashuka chini, fagia mbele ya nyumba na uondoe mavi. Tandika mukeka ao gunia safi, na mutoto acheze pale. Mukeka huo, kuku asipande. Ukienda kwenye mavi, toa viatu vya kazi kwenye mulango. Tena kichanja cha vyombo kiwe juu, kuku asifike.

MAMBO YASIYOFAA

Wamama wengine wanajaribu kuficha harufu. Wanachoma majani yenye moshi. Wanamwaga manukato. Hiyo ni kama kumufunga kinywa mujumbe: habari inabaki ile ile, lakini wewe huisikii. Na moshi unaongeza kikohozi cha mutoto.

Wengine wanamwaga javeli juu ya mavi. Musifanye hivyo hata siku moja! Javeli ikikutana na amoniaki inatoa hewa yenye sumu inayochoma kifua. Ondoa mavi kwanza, osha kwa maji na sabuni, acha pakauke.

Wengine wanatupa majivu ao chokaa juu ya mavi mabichi yenye maji, na kisha wanashangaa harufu inazidi. Ni kweli, inaweza kuzidi, kwa sababu majivu na chokaa vinafukuza amoniaki kutoka mu mavi mpaka mu hewa. Majivu ni mazuri, lakini yana zamu yake. Ondoa mavi, acha pakauke, kisha nyunyizia majivu kidogo. Yatakausha, na yatafukuza wale wadudu wanaonyonya damu ya kuku.

NA WEZI JE?

Ninajua ulizo hili liko mu mioyo yenu. "Mama munganga, nikiweka kuku inje, kesho sina kuku." Ni kweli. Siwezi kuwaambia neno ambalo mimi mwenyewe singeweza kufanya.

Kwanza, ambia baba wa watoto. Mumuonyeshe fishi ya kilo. Kazi ya kukata miti na kujenga si ya mama peke yake. Kibanda cha miti minene, chenye mulango wenye kufuli, na imbwa karibu, kinasaidia sana. Majirani watatu wakiweka vibanda vyao upande mumoja, kila mutu anasikia kelele ya mwenzake.

Lakini kama mahali penu usalama haupo kabisa, na lazima kuku waingie ndani usiku, basi fanya hivi. Wasilale mu chumba cha watoto. Wafunge mu kitunga kikubwa, ao mu kizuizi cha vijiti mu kona moja, na chini utandike majani makavu ya ndizi. Kukicha tu, watoe. Kunja yale majani pamoja na mavi yake, uyatoe inje. Fagia, acha mulango wazi, jua liingie. Na kona ile mutoto asikae, hata muchana, hata kama panaonekana safi.

MAVI NI MALI

Musitupe mavi mu mufereji wala kando ya muto. Ni mbolea nzuri. Lakini mabichi yana ukali, yanachoma mizizi ya mimea, tena yana vidudu.

Mbali na nyumba, panga tabaka: mavi kidogo, kisha majani makavu mengi kuyapita mara mbili ao tatu, kisha mavi, kisha majani. Funika kwa udongo kidogo na majani ya migomba ili mvua isiingie. Kila wiki mbili, geuza kwa jembe. Ndani patapata joto. Kama fungu linanuka, ongeza majani makavu, limelowa sana. Nyuma ya miezi mitatu hivi, utaona udongo mweusi usionuka. Tia kwenye mahindi, kwenye migomba, kwenye sombe. Kwa tomati na mboga za kuliwa mbichi, usitie mavi mabichi kamwe.

Hapo mutaona jambo la furaha: kile kilichotaka kumugonjesha mutoto sasa kinamupikia mboga.

MUTOTO AKIHARA

Usingoje. Endelea kumunyonyesha. Mupe maji ya seramu ya paketi. Kama paketi hakuna, chukua litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Munyweshe kidogo kidogo, kila mara anapohara. Chumvi isizidi. Kisha kuja hapa, tutakupa vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14, na usiache mbele hazijaisha.

Kuja upesi, hata usiku, kama kuna damu, kama macho yameingia ndani, kama mutoto hawezi kunywa ao anatapika kila kitu, kama ana homa, ao amelegea. Na ukifika, tuambie pia kuku wenu wanalala wapi. Sisi wanganga tukisahau kukuuliza, wewe usisahau kusema.

YULE MAMA

Munataka kujua alifanya nini. Hakuuzisha kuku wake wote. Aliuzisha 5, akanunua misumari. Bwana wake na kaka yake walijenga kibanda kwa siku mbili, nyuma ya migomba. Jikoni walikwangua udongo wa juu, wakautupa mbali, wakapiga udongo mupya na kuukausha kwa moto. Mutoto akatandikiwa gunia. Na mayai ambayo mbele yaliuzishwa yote, moja likabaki kila siku mbili kwa mutoto, limepikwa mpaka likakauka katikati.

Siku ya kupima iliyofuata, kilo 7 na gramu 400. Iliyofuata tena, kilo 7 na gramu 900. Sisemi ni kibanda peke yake. Yai nalo lilifanya kazi. Lakini kuhara hakukurudi mu miezi hiyo.

Kisha akaniambia neno ambalo sijasahau. Alikwenda kumutembelea dada yake, akafika kwenye mulango, akasimama. "Mama munganga, sasa ninasikia harufu."

Wamama, kesho asubuhi mapema, mbele ya kufungua kuku, fanyeni jambo moja. Inje kwanza, mupate hewa safi. Kisha musogee pale kuku walipolala, mupige magoti, kichwa kiwe chini kama cha mutoto mwenye kutambaa, na muvute hewa. Kama macho yanawasha, mujumbe amesema. Musimufukuze. Musikilize.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Kwa nini mavi yenye maji yananuka kuliko mavi makavu?

2. Kwa nini tunaondoa mavi mbele ya siku 7 kupita?

3. Mama anachemsha maji kila siku, na mutoto anahara tena na tena. Tutaangalia mahali gani pengine?

4. Jirani yako amefunga kuku mu kibanda, lakini kinanuka sana, na watoto wanacheza ndani. Utamwambia nini bila kumutia haya?

5. Wewe mwenyewe, ni jambo gani moja kati ya yale saba utaanza nalo wiki hii?

Sasa tulete watoto kwenye kilo, wadogo mbele.